Nyoka Wake, Dawa Yao

Ugomvi kati ya bustani za wanyama na watu binafsi wanaofuga nyoka wenye sumu majumbani mwao hujadiliwa kama ugomvi wa haki: nani anastahili kuwa na kobra na nani hastahili. Watu wa bustani husema nyoka wa aina hiyo ni kazi ya taasisi zenye wataalamu. Wafugaji hujibu kwamba wengi wao wamekaa na nyoka tangu utotoni, na wanawajua kuliko mtu aliyeajiriwa juzi kuwasafishia vizimba. Mabishano hayo yanaweza kuendelea mpaka kiama, kwa sababu kila upande una ukweli wake. Mimi naona yanapita kando ya jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni dawa: nani anaiweka, nani anailipia, na nani anabaki mikono mitupu pale inapotumika kwa mwingine.

Tuanze na friji. Bustani inayofuga nyoka wenye sumu kutoka mabara mengine, kama inafanya kazi yake sawasawa, huwa na friji ya antivenomu, yaani seramu inayozuia sumu ya nyoka mwilini. Kila kizimba kina kufuli, na mlangoni pana kadi yenye jina la nyoka, jina la antivenomu inayomfaa na namba za simu za dharura. Nyoka hashikwi kwa mkono. Huhamishwa kwa fimbo yenye ndoano, au huachwa aingie mwenyewe kwenye sanduku la pembeni, na kilango kikafungwa nyuma yake kabla mtu hajaingiza hata kitambaa cha kufutia kioo. Mtunzaji akiumwa, anabonyeza kengele. Mwenzake anahakikisha nyoka amefungiwa, anachomoa kadi, anatoa vichupa kwenye friji, na vyote viwili vinaondoka na mgonjwa kwenye gari la wagonjwa. Zoezi hili hurudiwa hata katika miaka ambayo hakuna aliyeguswa, maana daktari wa zamu atakayempokea huenda hajawahi kumtibu mtu aliyegongwa na koboko maishani mwake, na hospitali yake haina kichupa hata kimoja.

Sasa simu inalia usiku wa manane. Anayepiga ni daktari wa hospitali nyingine kabisa. Ana mgonjwa aliyeumwa na nyoka wake mwenyewe, nyumbani kwake, nyoka wa asili ya bara jingine. Kope zimeanza kulegea, kumeza mate ni shida, na kinachofuata ni pumzi. Duka la dawa lenye seramu hiyo halipo nchini. Friji ya bustani inayo. Bustani inatoa, na inatoa bila kuuliza maswali, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukaa na dawa huku mwenzake anakata roho. Kulipokucha, mgonjwa yuko hai na friji iko tupu. Kuanzia siku hiyo watunzaji wa bustani wanafanya kazi mbele ya nyoka wa aina ileile bila kinga waliyoahidiwa, au bustani inaamua kwamba hakuna atakayefungua kizimba kile mpaka shehena mpya ifike. Fedha ya vichupa inaweza kurudishwa na hospitali au bima. Miezi ya kusubiri hairudishwi na mtu.

Asiyejua habari za antivenomu atauliza kwa nini wasinunue nyingi wakaweka akiba. Seramu hii hupatikana kwa kumchoma farasi au kondoo sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kingamwili, kisha kingamwili hizo zikachujwa. Albert Calmette, mwanasayansi Mfaransa wa Taasisi ya Pasteur, alitengeneza moja ya seramu za kwanza katika miaka ya 1890 kwa sumu ya kobra, akaamini ingefaa kwa nyoka wengine pia. Vital Brazil, daktari wa kule São Paulo aliyeongoza Taasisi ya Butantan tangu 1901, akaonyesha kwamba haifai: sumu ya nyoka wa Amerika Kusini inadai seramu yake. Ukweli huo ndio unaotusumbua mpaka leo. Mwenye koboko Ulaya au Marekani anategemea kiwanda kilichoko Afrika Kusini. Mwenye kobra wa Asia huenda akategemea maabara ya Msalaba Mwekundu wa Thailand, kule Bangkok. Kila seramu ina nyoka wake, kila kichupa kina tarehe ya kuisha, na mtu mmoja aliyeumwa vibaya anaweza kumaliza vichupa kumi na zaidi kwa usiku mmoja.

Tena viwanda hivyo havizalishi kwa ajili ya bustani wala wafugaji wa nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuumwa na nyoka kunaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, wengi wao wakulima, wafugaji wa mifugo na watoto wa vijijini. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, seramu iliyokuwa tegemeo katika sehemu kubwa ya Afrika, na vichupa vya mwisho vikaisha muda wake mwaka 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaliweka tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Nasema haya kwa sababu katika malumbano ya bustani na wafugaji sijaona upande unaoyataja. Vichupa vinavyowekwa kwa ajili ya nyoka wa maonyesho ni vichache ukilinganisha na mahitaji ya dunia, najua. Lakini vinatoka kwenye mtungi uleule ambao mvuna korosho na mchunga ng'ombe wanausubiri, na mtu anayefuga koboko kwa kupenda tu anapaswa kuujua mzigo huo kabla hajamleta nyumbani.

Marekani imejaribu kupanga mambo. Antivenomu nyingi za nyoka wa kigeni hazijasajiliwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, kwa hiyo huingizwa kwa kibali maalumu cha dawa ambazo bado ziko kwenye uchunguzi. Ni njia yenye makaratasi mengi, na kwa desturi wanaoipita ni bustani. Tangu 2006 kuna daftari la mtandaoni, linaloendeshwa na AZA, chama cha bustani za wanyama, pamoja na vituo vya ushauri wa sumu, linaloonyesha bustani ipi ina seramu ipi. Daktari akipiga simu kituo cha sumu, ndani ya dakika chache anajua friji ya karibu iko wapi. Ni mpango mzuri, umeokoa watu. Ila umefanya pia jambo ambalo sidhani kama waanzilishi walilikusudia: umezigeuza bustani kuwa ghala la umma lisilolipwa, na umempa mfugaji binafsi sababu ya kulala usingizi.

Angalia sheria ya jimbo la North Carolina. Inamruhusu mtu kufuga nyoka mwenye sumu nyumbani. Inataka kizimba imara chenye kufuli na kibandiko cha jina, inataka polisi wajulishwe mara moja nyoka akitoroka, na inataka mfugaji awe na mwongozo wa maandishi wa nini kifanyike akiumwa, ukiwa na jina la seramu inayofaa na mahali ilipo. Isome tena sehemu hiyo ya mwisho: jina, na mahali ilipo. Haisemi mfugaji awe nayo. Anaweza kutii sheria neno kwa neno kwa kuandika jina la bustani iliyoko umbali wa masaa kadhaa, bustani ambayo haikuulizwa wala haikukubali. Mwezi Machi 2021 mfugaji mmoja wa mji wa Raleigh aliumwa na koboko wa kijani, na seramu ikatoka Riverbanks, bustani iliyoko jimbo jirani la South Carolina. Mwezi Juni mwaka huohuo kobra wa mfugaji yuleyule akaonekana nje ya nyumba ya watu, na mtaa mzima ukakaa roho juu kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo hasira za watu wa bustani zinapotoka, nami nawaelewa. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na ukikaa na watunzaji wa nyoka utaisikia hisia hiyo hata kama maneno ni mengine. Wanawaona vijana wakishika kobra kwa mikono mitupu mbele ya kamera ili wapate watazamaji. Wanawaona watu wanaolipia nyoka apasuliwe na kuondolewa tezi za sumu, ukatili usio na utetezi wowote, na ambao haumhakikishii mtu usalama, kwani upasuaji ukifanywa vibaya sumu huendelea kutoka. Halafu wanajua kwamba siku ya siku, vichupa vitakavyochukuliwa ni vya kwao.

Hata hivyo bustani zinapojiweka upande wa usafi mtupu, historia inazikatalia. Nidhamu ile ya kengele na kadi haikushuka kutoka mbinguni. Bustani ya London ilifungua nyumba ya reptilia mwaka 1849, na mwaka 1852 mtunzaji wake akafa baada ya kumtoa kobra kizimbani na kumchezea akiwa amelewa. Mwaka 2011 kobra wa Misri alipotea kwenye bustani ya Bronx, New York, jengo la reptilia likafungwa kwa takriban wiki nzima mpaka alipopatikana humohumo ndani. Mwaka 2022, katika bustani ya Skansen, Stockholm, kobra mkubwa wa Asia alipenya kwenye tundu la taa juu ya kizimba chake, akakaa nje siku kadhaa, kisha akarudi mwenyewe. Hakuna aliyedai bustani za Sweden zifutwe. Watu walikubali kwamba taasisi inaweza kukosea na kurekebisha. Mfugaji binafsi hapewi nafasi hiyo. Kwake yeye, samaki mmoja akioza wote wameoza.

Na mpaka wenyewe kati ya mtaalamu na mfugaji ni mwembamba kuliko wanavyotaka tuamini. Karl Schmidt alikuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa reptilia wa karne iliyopita. Mwaka 1957 bustani ya Lincoln Park ya Chicago ilimpelekea bumslangi mdogo amtambue. Nyoka akamuuma. Schmidt hakuamini kwamba mtoto wa nyoka yule angeweza kuua, akakaa akiandika dalili zake moja baada ya nyingine, na kesho yake akafariki. Robert Mertens, aliyewahi kuongoza jumba la makumbusho la Senckenberg kule Frankfurt, aliuawa mwaka 1975 na nyoka wa jenasi ya Thelotornis, mwembamba kama kijiti, aliyekuwa akimfuga mwenyewe. Aliteseka siku 18. Hapo utasemaje: amekufa profesa, au amekufa mfugaji binafsi? Cheo hakikuwakinga wote wawili. Ambacho kingewakinga ni utaratibu usiomwachia mtu mmoja, hata awe bingwa, kuamua peke yake kwamba nyoka huyu hana neno.

Wapo pia watu binafsi waliobeba mzigo ambao taasisi hazikuubeba. Bill Haast alifungua Miami Serpentarium mwaka 1947 kwa fedha zake, akakamua sumu kwa ajili ya utafiti, na kwa kuwa alijizoeza sumu mpaka damu yake ikawa na kingamwili, alisafiri kwenda kuwatolea damu watu walioumwa na nyoka ambao seramu zao hazikupatikana. Kujidunga sumu si jambo la kumshauri mtu, lakini moyo ule haukuwa wa mtu anayetegemea friji ya jirani. Watamu, pwani ya Kenya, kuna shamba la nyoka la Bio-Ken lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe, mtu aliyetoka Snake Park ya Nairobi, pamoja na mkewe Sanda. Huko mambo yamegeuka kabisa: ni watu binafsi wenye nyoka ndio wanaotafuta seramu na kuwasaidia wanakijiji wasio na uwezo wa kuilipia. Kwa hiyo kutokuwa taasisi ya umma si kosa. Kosa ni kufuga hatari na kumwachia mwingine gharama yake.

Serikali nyingi, zikichoka na kelele, hukimbilia marufuku. Mwezi Agosti 2019 kobra alitoroka katika jengo la makazi mjini Herne, Ujerumani. Wakazi wapatao 30 wakahamishwa kwa siku kadhaa. Kuanzia 2021 jimbo la North Rhine-Westphalia likapiga marufuku watu binafsi kuanza kufuga nyoka wenye sumu kali; waliokuwa nao tayari wakaruhusiwa kubaki nao kwa masharti, ikiwemo kujiandikisha. Naielewa huruma iliyo nyuma ya sheria hiyo, kwani mama aliyelala nje ya nyumba yake kwa sababu ya nyoka wa ghorofa ya chini hana haja ya kusikia falsafa. Lakini nyoka hatoweki kwa sababu bunge limepiga kura. Anahamia chumba cha nyuma, kwenye sanduku lisilo na kibandiko. Na siku akiuma, mwenye nyoka atafika hospitali akisema ni nyigu, au hatasema kitu, kwa hofu ya kushtakiwa. Kwa sumu inayopooza misuli ya kupumua, saa moja ya uongo ni sawa na saa moja bila hewa. Daktari hawezi kuomba seramu ya nyoka asiyemjua.

Uingereza imechagua njia ya kati tangu Sheria ya Wanyama Hatari ya 1976: mfugaji anaomba leseni kwa halmashauri, daktari wa mifugo anakagua, bima ni lazima. Florida inadai uzoefu wa saa 1,000 kabla ya kibali cha reptilia wenye sumu. Zote ni hatua za maana, na zote zinatazama kizimba na mkono wa mfugaji zaidi ya zinavyotazama dawa. Hilo la saa 1,000 linanifikirisha zaidi. Kijana atazipata wapi, kama bustani zimefunga milango na sera zao zinabana hata kumpa mnyama wa ziada mtu asiye taasisi? Atazipata kwa mfugaji mwingine, mzuri au mbaya, kwa bahati yake. Bustani zenye kadi, kengele na ndoano ndizo zingekuwa shule. Zikikataa kufundisha, zisishangae kinachofundishwa kwenye video.

Msimamo wangu ni huu: kila anayefuga aina ya nyoka aifuge na dawa yake. Kama hawezi kuinunua peke yake, ainunue kwa kuchangia. Hilo si ndoto. Ujerumani kuna Serum-Depot Berlin, chama ambacho wafugaji wanachangia akiba ya pamoja ya seramu. Miami-Dade, kaunti ya jimbo la Florida, kikosi cha zimamoto kina kitengo cha sumu tangu 1998, chenye benki yake ya antivenomu na watu wanaojua kuitumia, kwa hiyo mzigo hauangukii bustani moja. Mifano hiyo miwili inaonyesha kwamba leseni inaweza kufungwa kwenye mchango: hulipi, hufugi. Upande wa pili, mamlaka za dawa ziwafungulie vyama vya wafugaji njia ya kuagiza seramu kama zilivyozifungulia bustani. Kumwambia mtu anunue dawa ambayo utaratibu haumruhusu kwa urahisi kuiingiza ni kumfungia mlango na kumlaumu kwa kubaki nje. Na ile sheria ya North Carolina, badala ya kuuliza jina la seramu na mahali ilipo, iulize idadi ya vichupa, tarehe ya kuisha, na sahihi ya mwenye friji aliyekubali.

Wafugaji watalalamika kwamba gharama hiyo itawaondoa wengi kwenye kufuga koboko. Ndiyo, itawaondoa. Nami sioni ubaya wake. Wapo nyoka wengi wasio na sumu, na wapo wenye sumu ambao seramu yao imesajiliwa na kuwekwa hospitalini kwa sababu nyoka hao wanaishi porini katika nchi hiyohiyo.

Linalobaki ni gumu zaidi, nalo ni la nyoka ambao seramu yao haipo mahali popote. Thelotornis aliyemuua Mertens hana dawa mpaka leo. Vipa wa miti wa jenasi ya Atheris, wadogo, wenye magamba yaliyosimama na rangi za kuvutia, wanapendwa mno na wafugaji, na hakuna seramu iliyotengenezwa kwa ajili yao. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza aina mpya, Atheris matildae, kutoka nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na wakaficha kwa makusudi mahali walipomwona, wakihofia wakusanyaji. Wakaanzisha pia kundi la kuzalisha ili walanguzi wasivamie msitu. Uamuzi wao unaonyesha kwamba kumzalisha nyoka nje ya pori kunaweza kumsaidia. Lakini kwa nyoka asiye na dawa hakuna mchango wala benki itakayomwokoa aliyeumwa, kuna mashine ya kupumulia, damu ya kuongezewa na bahati. Nyoka huyo, kwa maoni yangu, hapaswi kukaa katika nyumba wanamolala watu. Na bustani inayomtaka iwaambie watunzaji wake, kabla hawajasaini mkataba, kwamba kwenye kadi ya kizimba kile sehemu ya dawa itabaki wazi.